Jinsi ya kusoma barua na hotuba za Theodore Roosevelt kwa simu yako, bila kupigwa chenga na kadi za WhatsApp

Unajua zile kadi za hamasa, picha ya mzee wa miwani na masharubu, chini yake maneno makali kuhusu kujiamini, halafu jina Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani. Zinazunguka kwenye magrupu asubuhi asubuhi na watu wanajibu amina. Nyingi hakuna aliyewahi kuonyesha karatasi ambayo jamaa aliandika hayo maneno. Na karatasi zake zipo, tena ni shazi: Maktaba ya Bunge la Marekani peke yake ina nyaraka kama 276,000 za kwake, zimewekwa mtandaoni tangu 2018, picha kama 461,000, na hulipi hata senti. Unachohitaji ni bando, Kiingereza cha kusomea na uvumilivu kiasi.

Sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kuzichungulia. Huyu rais alikaa Afrika Mashariki na Sudan karibu mwaka mzima, kapanda treni ya Mombasa, kalala Naivasha, kapita Uganda, na njia nzima alikuwa anaandika. Kuna babu za watu wametajwa humo kwa majina.

Haya tuanze.

1. Hakikisha umeshika Roosevelt mwenyewe

Wako wawili na watu wanawachanganya kila siku. Theodore alizaliwa New York 1858, akawa rais Septemba 1901 baada ya rais McKinley kupigwa risasi, akatoka Machi 1909, akafariki Januari 1919. Franklin ni ndugu wa mbali aliyetawala kuanzia 1933 hadi 1945, na karatasi zake ziko kwenye maktaba yake kule Hyde Park. Ukitafuta "Roosevelt letters" tu utaletewa wote wawili kwenye sahani moja, kwahiyo andika jina zima, na ukiona barua inazungumzia Hitler funga hiyo kitu urudi ulikotoka.

2. Usiingie bila swali, na swali liwe na tarehe

Hii ndio inawaangusha wengi. Mtu anafungua mkusanyiko wa picha laki nne na kitu anaanza kupekua ya kwanza, ya pili, ya tatu, baada ya nusu saa amechoka anasema hamna kitu. Karatasi nyingi zimepangwa kwa tarehe, sio kwa mada. Hakuna faili limeandikwa "Simba" au "Kenya". Tarehe ndio ufunguo wako.

Kama unataka habari za huku kwetu, chukua hizi uziandike pembeni:

- 20 Juni 1908: anamwandikia Charles Walcott, mkuu wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Washington, kupendekeza safari ya kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho
- 23 Machi 1909: anaondoka New York kwa meli
- 21 Aprili 1909: anashuka Mombasa
- 4 Agosti 1909: yuko Kijabe kwa wamisionari, anaweka jiwe la msingi la jengo la shule ya Rift Valley Academy
- Desemba 1909: anavuka Ziwa Victoria kuingia Uganda
- 14 Machi 1910: anafika Khartoum

Ukiwa na hizi tu tayari umepunguza mzigo kutoka miaka arobaini ya makaratasi hadi miezi kumi na moja hivi.

Mambo ya Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, nayo yamo, maana E.D. Morel, mwandishi wa Uingereza aliyepinga ukatili wa kule, alifunga safari 1904 mpaka Ikulu ya Washington kumkabidhi Roosevelt ombi la kuingilia kati, kwahiyo hapo tarehe zako ni vuli ya 1904 na miaka inayofuata. Na kama unataka kujua habari za Wamarekani weusi anza na 16 Oktoba 1901, usiku aliokula chakula Ikulu na Booker T. Washington, kiongozi wa Wamarekani weusi, halafu uruke mpaka Novemba 1906 alipowafukuza jeshini askari weusi 167 kwa tukio la kurushwa risasi mjini Brownsville, Texas, bila hata mmoja wao kufikishwa mahakamani. Soma barua za vipindi vyote viwili, usichague kimoja. Kuna watu wanapenda kile cha kwanza tu.

3. Anzia North Dakota, usianzie Washington

Watu wengi wanakimbilia loc.gov, tovuti ya Maktaba ya Bunge, moja kwa moja. Mimi nakushauri uanzie Theodore Roosevelt Center ya chuo cha Dickinson State, North Dakota. Wao wamechukua picha nyingi zilezile za Maktaba ya Bunge, wakaongeza na za sehemu nyingine, halafu wakaziwekea kitu ambacho kule Washington hakipo: kila nyaraka imeandikiwa muhtasari mfupi, nani kaandika, kamwandikia nani, tarehe, inahusu nini. Yani unaandika jina la mtu kwenye kisanduku cha kutafutia inakuja orodha, unasoma sentensi mbili tatu unajua kama inakufaa kabla hujamaliza bando kufungua picha.

Ila bado sio kila kitu kimeshaandikiwa muhtasari, kazi ni kubwa na wanasaidiwa sana na watu wa kujitolea. Kwahiyo ukikosa hapo usihitimishe kwamba barua haipo. Inamaanisha tu sasa uende Washington, namaanisha kwa kidole.

4. Ndani ya Maktaba ya Bunge: ni mikanda, sio folda

Ukiingia loc.gov tafuta "Theodore Roosevelt Papers". Kitu cha kuelewa kwanza ni kwamba hizi picha hazikupigwa juzi kutoka kwenye karatasi zenyewe. Zilitolewa kwenye mikanda ya filamu, mikrofilmu, mikanda 485, ndio maana karibu zote ni nyeusi na nyeupe na nyingine zina ukungu. Ukifungua kitu kimoja kwenye matokeo ya utafutaji unaweza kudhani umefungua barua moja, kumbe umefungua mkanda mzima wenye picha mamia kwa mamia.

Mikanda imepangwa kwa mafungu, wanayaita series. Usijaribu kuyameza yote, kwa kazi ya kawaida haya yanatosha:

Series 1 ndio kubwa, barua alizopokea na karatasi zinazoambatana nazo, kwa mpangilio wa tarehe. Series 2 na 3 ni nakala za barua alizotuma yeye. Series 5 ni hotuba na amri za serikali. Series 8 ni shajara zake za ujana, 1878 hadi 1884.

Hiyo ya 8 hata kama huna swali nenda kaifungue ukurasa wa 14 Februari 1884. Siku hiyo, nyumba moja, alifiwa na mama yake na mke wake, na mtoto mchanga ana siku mbili tu. Huyu mtu aliyekuwa anaandika mpaka mkono unachoka, siku hiyo kachora alama kubwa ya X na chini yake kaweka sentensi moja, kwamba mwanga umetoweka maishani mwake. Basi. Kuiona kwa mwandiko wake mwenyewe ni kitu kingine kabisa.

Jinsi ya kutembea ndani ya mkanda: ukifungua picha angalia anwani ya ukurasa juu kwenye kivinjari, mwisho kabisa utaona "sp=" na namba. Hiyo ndio namba ya picha. Badala ya kubonyeza mbele mara mia tatu badilisha hiyo namba. Tuseme mkanda unaanza Machi na kuishia Juni na wewe unataka mwisho wa Aprili, basi ruka kwenye picha ya katikati, soma tarehe juu ya barua, ukiona umepita rudi robo, ukiona bado sogea robo. Kwa kuruka mara tano sita hivi umefika. Na ukitaka kudaunlodi chukua picha mojamoja, usibonyeze kupakua mkanda mzima kama uko kwenye bando la siku.

5. Kuna faharasa, itumie

Watu hawaijui hii. Mwaka 1969 Maktaba ya Bunge ilichapa faharasa ya karatasi za Roosevelt, vitabu vitatu vinene, na ipo mtandaoni kwa PDF. Ni majina kwa alfabeti, mbele ya kila jina tarehe ya barua, series na idadi ya kurasa. Ukiwa na jina la mtu, mfano Morel, unaangalia humo, unaona tarehe, unakwenda kwenye series husika unaruka kwa ile mbinu ya "sp=". Inachosha kidogo ila ni ya uhakika kuliko kutafuta maneno kwenye loc.gov, kwa sababu barua nyingi ni picha tupu, mashine haisomi kilichoandikwa ndani. Ukiandika "Mombasa" kwenye kisanduku ukapata sifuri, usidhani hakuitaja Mombasa.

6. Kusoma nakala zilizofifia

Series 2 itakutesa macho. Enzi hizo ofisi zilikuwa na daftari la karatasi nyembamba sana, kama ya sigara, unachukua barua iliyopigwa chapa kwa wino maalum, unalowesha ukurasa wa daftari kidogo, unabana vyote kwenye mashine ya skrubu, wino unahamia. Karatasi ni nyembamba mpaka maandishi yanasomwa kwa upande wa pili. Matokeo yake kuna barua zimetoka safi na kuna zilizotoka kama moshi, kingo zimechuruzika, na mistari ya ukurasa wa nyuma inaonekana imeingiliana na ya mbele.

Cha kufanya: pakua picha, ifungue kwenye programu ya kuhariri picha ya simu, ongeza utofauti wa giza na mwanga, punguza mwangaza, halafu kuza kipande kwa kipande. Usitegemee programu za kusoma maandishi kwenye picha, kwenye nakala hizi zinatapika takataka. Anza kusoma maneno unayoyajua: tarehe, salamu, sahihi. Ukishazoea umbo la herufi za ile taipureta maneno mengine yanaanza kujitokeza yenyewe.

Jambo lingine la kukumbuka. Roosevelt alikuwa anaongea karani anaandika, karani anapiga chapa, halafu yeye anachukua kalamu anaongeza maneno kati ya mistari, anakata, anaandika pembeni. Yale ya kalamu mara nyingine yapo kwenye barua iliyotumwa tu, kwenye nakala hayapo. Kwahiyo nakala ya Washington na barua aliyoipokea mtu zinaweza kutofautiana, na mara nyingi utamu uko kwenye yale ya kalamu.

7. Barua inakaa kwa aliyeipokea

Hapa ndipo wanaotafuta habari za Afrika wanapokwama, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Akiwa Ikulu alikuwa na makarani, William Loeb na wenzake, kila barua ikiondoka nakala inabaki. Porini hakukuwa na karani. Aliandika kwa mkono, usiku, ndani ya hema. Makala zake za gazeti la Scribner's, ambazo alilipwa dola 50,000, aliziandika kwa penseli kwenye karatasi za kunakilia, nakala tatu kwa mkupuo, halafu wakimbiaji wakazibeba kwa miguu mpaka Nairobi zikapande posta. Lakini barua binafsi kwa dada zake, kwa rafiki zake, kwa watoto? Karatasi moja, inaondoka, imekwenda. Huwezi kuikuta kwenye makaratasi yake mwenyewe kwa sababu hakubaki nayo.

Kwahiyo jiulize alimwandikia nani, halafu fuata makaratasi ya huyo mtu:

Dada zake Anna na Corinne, nenda Houghton Library ya Harvard, ndiko uliko mkusanyiko mkubwa wa familia. Rafiki yake wa siasa Henry Cabot Lodge, nenda Massachusetts Historical Society pale Boston. Mwanawe Kermit, ambaye alikuwa naye safarini, karatasi zake ziko Maktaba ya Bunge lakini ni mkusanyiko tofauti wenye jina la Kermit, usitafute kwenye wa baba. Andrew Carnegie, tajiri aliyechangia pesa za safari, naye yuko Maktaba ya Bunge kwa jina lake. Mambo ya wanyama waliokusanywa na mawasiliano na Walcott, hifadhi ya nyaraka za Smithsonian.

Sehemu nyingine hizi hazijaweka kila kitu mtandaoni, nyingine zina orodha tu. Njia ya mkato ni ule mkusanyiko wa barua uliohaririwa na Elting Morison, vitabu 8, vya Harvard, 1951 hadi 1954. Sio barua zote hata kidogo, ila ni zilizochaguliwa na wasomi, zimepigwa chapa vizuri, na zina maelezo chini. Vyuo vikuu vyenye maktaba kubwa huwa navyo, uliza.

Na kama una muda wa barua moja tu katika maisha yako, chukua ile ya 1 Oktoba 1911 kwa mwanahistoria wa Uingereza George Otto Trevelyan. Ni ndefu kama kitabu kidogo. Anasimulia alivyotoka Afrika akapita Ulaya kukutana na wafalme mmojammoja, anawachambua bila huruma, mpaka mazishi ya mfalme Edward wa Saba na wivu wa wakubwa kuhusu nani atangulie na nani afuate. Nilicheka peke yangu.

8. Tafuta kwa tahajia yake, sio yako

Kiingereza chake kina vituko viwili. Cha kwanza, mwaka 1906 aliamuru mchapishaji wa serikali atumie tahajia fupi kwa maneno 300, Bunge likamkatalia, magazeti yakamcheka, ila kwenye barua zake mwenyewe aliendelea nayo. Kwahiyo utaona "thru" na "tho" na "thoroly". Hayo sio makosa ya karani na wala usiyasahihishe unapomnukuu.

Cha pili ni Kiswahili chake, na hapa msomaji wa Kiswahili anamzidi profesa wa Boston. Aliandika kwa jinsi alivyosikia. Yeye alikuwa "Bwana Makuba", Kermit alikuwa "Bwana Medogo", na baadaye "Bwana Merodadi", yani maridadi. Kwahiyo kwenye kutafuta usiandike mkubwa na mdogo sanifu utakosa. Jaribu na "askaris", "shauri", "boma", "sais", na majina ya miji kwa tahajia za zamani.

Halafu tafuta majina ya watu. Kwenye kitabu chake cha safari cha 1910, ambacho kiko bure mtandaoni na kinatafutika neno kwa neno, anawataja wabeba bunduki Bakari na Muhamed, Kongoni, Kassitura, na Ali wa hemani. Anawasifu, anawatania, anawaeleza sura na tabia, mara nyingi kwa lugha ya mzungu wa 1909 inayokera kuisoma. Anza na kitabu kupata jina na mahali, ndio uende kwenye barua za tarehe hizo. Kinyume chake ni kutafuta sindano kwenye majani. Mwishoni mwa kitabu kuna hesabu ya wanyama, yeye na Kermit 512, simba 17 humo ndani, msafara mzima ukapeleka Smithsonian vielelezo zaidi ya 11,000. Yeye mwenyewe alijua watu watashtuka na akaandika utetezi wake hapohapo. Usome uamue.

Majina ya utani nayo: "Bye" au "Bamie" ni dada yake Anna. "Cabot" ni Lodge. Ukikuta barua inaanza "Dear Cabot" usipoteze muda kumtafuta bwana Cabot kwenye faharasa.

9. Hotuba ni mnyama mwingine

Barua ina nakala iliyobaki ofisini na ina ile iliyotumwa. Hotuba moja inaweza kuwa na sura tatu: aliyoiandaa, aliyoisema, na iliyochapwa gazetini. Kabla hujanukuu jua umeshika ipi.

Mfano mzuri ni Milwaukee, 14 Oktoba 1912. Alikuwa anagombea tena, safari hii kwa chama kipya cha Progressive. Anatoka hotelini jamaa mmoja anaitwa John Schrank akampiga risasi kifuani. Hotuba yake ilikuwa kurasa 50, ameikunja mara mbili kaiweka mfuko wa koti ndani pamoja na kasha la chuma la miwani, risasi ikapita humo ikapungua nguvu. Akakataa hospitali, akaenda ukumbini, akawaambia watu sijui kama mmeelewa vizuri kwamba nimetoka kupigwa risasi sasa hivi, akawaonyesha karatasi zenye matundu, akaongea zaidi ya saa nzima. Risasi ilibaki mwilini mpaka anakufa. Sasa wewe ukichukua hotuba iliyoandaliwa humo hamna hata neno moja la risasi, kwa sababu ilipigwa chapa kabla! Maneno yale maarufu yako kwenye nakala ya waliokuwa wanaandika hatimkato ukumbini. Ukizichanganya umeharibu.

Za kuanzia kwa mtu wa huku, kwa maoni yangu ni mbili, zote za 1910 akiwa ndio ametoka Afrika.

Cairo, 28 Machi 1910, kwenye chuo kikuu kipya cha Misri. Waziri mkuu Boutros Ghali alikuwa ameuawa mwezi uliotangulia. Roosevelt akalaani mauaji, halafu akawaambia Wamisri kwamba kujitawala ni kazi ya vizazi, wasubiri, na akawatupia na msemo wa Kiarabu kwamba Mungu yuko na wenye subira. Fikiria unaambiwa hivyo na mgeni kwa lugha yako. Wazalendo waliandamana mpaka hoteli aliyofikia.

London, Guildhall, 31 Mei 1910. Anawaeleza Waingereza alichokiona kwenye makoloni yao manne, Afrika Mashariki ikiwemo, na anasema wazi kwamba nyanda za juu zinaweza kufanywa nchi ya mzungu kabisa. Kisha anawageukia kuhusu Misri, kwamba kama mna haki ya kuwa pale tawaleni, kama hamna ondokeni. Magazeti yalishikilia la Misri. Sisi tuna kila sababu ya kushikilia lile la kwanza, maana miaka michache baadaye watu walihamishwa kwenye hizohizo nyanda. Isome yote, ile lugha ya ustaarabu na wajibu, uone ardhi ya watu inavyogawiwa kwa adabu mezani.

Baada ya hapo nenda Osawatomie, Kansas, 31 Agosti 1910, hotuba ya siasa za ndani iliyowatia hofu matajiri. Na ile ya Paris, 23 Aprili 1910, yenye kipande cha mtu aliye uwanjani mwenye vumbi na jasho na damu usoni. Hicho kipande kila mtu anakirusha, ila wachache wamesoma hotuba yenyewe, na humo anawagombeza pia watu wanaokataa kuzaa, ni hotuba ndefu yenye mambo mengi ambayo hayafai kwenye kadi.

Kama unataka kumsikia, Agosti 1912 alirekodi vipande vya hotuba kwa kampuni ya Edison, kila kimoja dakika nne hivi. Tafuta "The Right of the People to Rule" kwenye loc.gov. Jiandae maana sauti sio nzito kabisa, ni nyembamba ya juu, na anatamka kila neno kama anakata mboga.

10. Kuhakiki kadi ya WhatsApp

Sasa umetumiwa nukuu. Fanya hivi. Iangalie kama ina tarehe, mahali na aliyeambiwa. Kama haina hata kimoja anza kushuku. Tafuta maneno matano sita yasiyo ya kawaida kutoka katikati ya sentensi, kwa Kiingereza, ndani ya alama za kunukuu, kwenye maktaba ya Dickinson na kwenye vitabu vya zamani vilivyo bure. Ukiona inatokea kwenye tovuti za nukuu tu na haijawahi kutokea kwenye barua wala gazeti la enzi yake, ndio basi tena.

Ile ya "amini unaweza, umeshafika nusu ya safari" haina karatasi. Ya kwamba kujilinganisha ni mwizi wa furaha haina karatasi. Ile ya fanya unachoweza, kwa ulichonacho, hapo ulipo, ameiandika kweli kwenye kitabu cha maisha yake cha 1913, lakini yeye mwenyewe anasema ameitoa kwa mtu mwingine, Squire Bill Widener, na kadi zote zimemdhulumu huyo mzee.

Ya fimbo kubwa ni ya kwake na ina karatasi. Barua ya 26 Januari 1900 kwa Henry Sprague, akiwa gavana wa New York, amefurahi baada ya kumng'oa mkuu wa bima aliyekuwa analindwa na bosi wa chama. Anasema anapenda methali ya Afrika Magharibi: ongea taratibu, beba fimbo kubwa, utafika mbali. Hakutaja ni ya nchi gani wala ya watu gani. Kwahiyo ukiandika "Roosevelt alisema ni methali ya Afrika Magharibi" uko sahihi, ukiandika "methali ya Afrika Magharibi inasema" umejitosa.

11. Hifadhi vizuri, na haki zikoje

Kwa kila picha uliyopakua andika palepale, kwenye jina la faili: tarehe ya barua, kutoka kwa nani kwenda kwa nani, series, mkanda, namba ya picha. Mfano "1900-01-26 TR kwa Sprague" halafu namba. Ukisema utaandika baadaye utabaki na picha kibao zenye majina ya herufi na tarakimu ambazo hata wewe huzijui.

Maandishi ya Roosevelt mwenyewe unaweza kuyatumia, kutafsiri, kuchapa, amekufa 1919 na hayana mwenyewe wa kukudai. Tahadhari ni barua za waliomwandikia, wengine waliishi miaka mingi baada yake na haki zao zinahesabiwa kivyao. Ukitafsiri kwa Kiswahili weka na sentensi ya Kiingereza pembeni, ili anayekubishia akubishie kwa ushahidi.

Ukikwama kabisa

Maktaba ya Bunge ina huduma ya kuuliza mkutubi, "Ask a Librarian", chagua kitengo cha Manuscript Division, unajaza fomu na majibu yanakuja kwa barua pepe, bure, hata kama uko Tanga au Bukavu. Usiwaulize "nataka kila kitu kuhusu Afrika". Waambie umeshaangalia faharasa ya 1969, umeshapita mikanda fulani, unatafuta barua ya kati ya tarehe hii na hii, kwa fulani, kuhusu jambo fulani. Swali la namna hiyo ndio linajibika, na mara nyingine mkutubi atakuongezea mkusanyiko mwingine ambao hukujua kama upo.